Namna ya Kusoma Mwanzo 6:1–4 Pamoja na Wafasiri wa Kale

Kabla ya kufungua ufafanuzi wowote, soma aya hizo nne polepole na uandike pembeni kila neno linalokukwaza. Mengine yanaweza kusubiri, lakini moja halikwepeki: hao "wana wa Mungu" waliowaona binti za wanadamu wakajitwalia wake ni akina nani? Wafasiri wa kale walitofautiana sana katika kulijibu, na kila mmoja alikuwa na aya nyingine akilini. Kazi yako ni kuitafuta aya hiyo.

Anza na jibu kwamba hao ni malaika, ambalo ndilo kongwe zaidi kati ya majibu tuliyorithi. Funua Ayubu 1:6 na 38:7, ambapo jina hilohilo linawahusu viumbe wa mbinguni. Kisha soma Kitabu cha Henoko, maandishi ya kale ya Kiyahudi, sura ya 6 hadi ya 11, ambamo malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni, wanafungwa kwa kiapo, wanaoa na kuzaa majitu, huku Azazeli akiwafundisha watu kufua panga na kupaka wanja. Masimulizi hayo yanajibu jambo ambalo Mwanzo hakilielezi, yaani chanzo cha uovu ulioleta gharika. Kitabu hicho kimehifadhiwa kikamilifu kwa Kigeezi tu, lugha ya kale ya Ethiopia, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko. Mkristo wa kanisa lingine naye asikipuuze, kwa kuwa Yuda 14–15 inakinukuu, na Yustino na Tertuliano, waandishi wa kanisa la mwanzo, walilishika jibu hilohilo.

Sasa wasikilize marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, nami nakuomba ukae hapa kwa muda. Katika karne ya 2, Rabi Shimoni bar Yohai alifundisha kwamba hawa ni wana wa waamuzi, akawalaani waliowaita wana wa Mungu. Hakubuni hoja kutoka hewani: neno elohimu, lilelile la Kiebrania lililomo katika "wana wa Mungu", linapatikana pia katika Kutoka 22:8, na huko, ambalo Biblia zetu hulitafsiri "Mungu", lilisomwa na marabi kuwa waamuzi. Rabi Yudani naye aliona kwamba neno la Kiebrania la "wazuri" limeandikwa kwa upungufu, yaani bila herufi moja, kana kwamba ni la mwanamke mmoja. Kwake huyo alikuwa bibi harusi anayepambwa kwa ajili ya mumewe, ndipo mkubwa mwenye cheo akaingia kumtwaa kwanza. Kwa usomaji huu, dhambi ni uonevu wa wenye madaraka, na maneno "wo wote waliowachagua" yanapata uzito wake wote.

Jibu la tatu lilienea kanisani kuanzia karne ya 3 kupitia Yulio Afrikano, kisha Efremu, Krisostomo na Agustino: wana wa Mungu ni wazao wa Sethi, na binti ni wa ukoo wa Kaini. Liweke kando ya Mwanzo 4:26. Kwa maoni yangu udhaifu wake uko wazi, kwa sababu "wanadamu" wa aya ya 1 ni watu wote, ilhali aya ya 2 italazimika kuwapunguza wawe ukoo mmoja.

Mwisho rudi kwenye aya ya 4, uisome sambamba na Hesabu 13:33, na umuulize kila mfasiri Wanefili, wale majitu wanaotajwa katika aya zote mbili, walionekanaje Kanaani baada ya gharika.