Somo: Kuutazama moyo wa vipapasio vya mende ukidunda

Moyo mkuu wa mende, yaani mrija wa mgongoni, humwaga damu kichwani na kazi yake inaishia hapo. Kipapasio ni kirefu, chembamba, ncha imeziba. Damu haifiki huko bila pampu yake. Mende ana vifuko viwili, kimoja kwenye shina la kila kipapasio, vilivyoungwa na msuli unaokatiza mbele ya kichwa.

1. Tafuta mende mkubwa mwekundu (Periplaneta americana). Mweke kwenye friji dakika 15 hivi, alegee. Friza itamuua.

2. Andaa maji ya chumvi. Kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa: NaCl gramu 10.9, KCl 1.6, CaCl₂ 0.8, NaHCO₃ 0.2.

3. Mlaze chali, uso juu, kichwa kishikwe na plastisini.

4. Kwa ncha ya wembe kata kidirisha katikati ya vipapasio. Hapa ndipo wengi huharibu: vifuko vimeshikamana na gamba, kwa hiyo acha ukingo mwembamba kando ya kila shina. Wembe upenye gamba tu. Ukizama, msuli umekwenda.

5. Tonesha maji ya chumvi, ondoa mafuta meupe taratibu kwa koleo, mulika kutoka ubavuni. Ukuzaji wa hadubini wa mara 20 hadi 40 unatosha.

Sasa tazama vizuri, maana mpango wake ni kinyume cha moyo wetu. Msuli ukijikaza, hauminyi kifuko. Unakivuta kipanuke, na damu inaingia kupitia kilango. Ukilegea, kifuko kinajirudi chenyewe kwa unyumbufu wake, kilango kinafunga, damu inasukumwa kwenye mrija wa kipapasio hadi nchani. Inarudi kichwani ikipita nje ya mrija, ndani ya kipapasio hichohicho.

Maswali

*Mkuu, moyo wa mende wangu umesimama baada ya muda mfupi.*
Taa ya moto imekausha, au umetumia maji ya bomba. Tumia LED, ongeza matone.

*Moyo wa vipapasio unafuata mapigo ya moyo mkuu?*
Hapana. Msuli huanzisha mapigo wenyewe. Neva hurekebisha kasi tu. Proktolini, kemikali ya neva, kwa mfano, huiongeza.

*Na mabawa, mwalimu?*
Pampu zake ziko kifuani, chini ya gamba la mgongo, nazo hufyonza: damu huingia kwa mishipa ya mbele, hutolewa kwa ya nyuma. Nzi wa matunda asiyekuwa nazo hushindwa kuruka, kwa sababu seli zinazopaswa kuondolewa bawani baada ya kutoka kwenye pupa hubaki humo.

*Miguu je?*
Ili kuona pampu za miguu, tafuta wadudu wa jamii ya kunguni. Wana pampu kwenye muundi.