Namba hasi kwenye mtajo wa aljebra: weka mabano kwanza

Juni huko Kitulo baridi hushuka hadi chini ya sifuri, kwa hiyo namba hasi si ngeni kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini. Tuseme x = −3, nawe unatakiwa utafute thamani ya 2x² − 3x + 4.

Andika mtajo upya, ukiweka mabano kila palipokuwa na x: 2(−3)² − 3(−3) + 4. Usiruke hatua hii, ndipo wengi wanapopotelea. Bila mabano utaandika −3², ambayo ni −9, wakati unachotaka ni 9.

Anza na kipeo: (−3)² = 9. Kisha zidisha: 2 × 9 = 18, na −3 × −3 = +9. Mwisho, 18 + 9 + 4 = 31.

Ukipata 49, ulizidisha 2 kwa −3 kabla ya kipeo. Ukipata 13, alama ya katikati ilikuponyoka.

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasaidia, ila hiyo JUTO ina mtego: 10 − 3 + 4 ni 11, si 3. Kujumlisha na kutoa vina uzito sawa. Fanya kuanzia kushoto kwenda kulia.