Kufuatilia asili ya jina la mti katika lugha za Kihindi-Kiulaya

Lugha za Kihindi-Kiulaya ni familia moja ya lugha, kuanzia Kisanskriti cha India hadi Kijerumani cha Ulaya. Chukua mti mmoja kwanza. Mimi hupenda kuanza na ule wa nchi za baridi wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ambao Wajerumani huuita *Birke*.

1. Kusanya majina. Fungua kamusi za etimolojia, yaani za asili ya maneno: Kirusi *beryoza*, Kilithuania *beržas*, Kisanskriti *bhūrja*.

2. Panga sauti. Mwanzoni mambo ni mepesi: b, b, b, bh. Sasa tazama konsonanti inayofuata r: Kijerumani k, Kirusi z, Kilithuania ž, Kisanskriti j. Hazifanani, na hapo ndipo kazi inaponoga.

3. Pima kwa neno lisilohusiana na miti. Jaribu "kujua": *kennen*, *znat'*, *žinoti*, *jñā*. Ni k, z, ž, j tena, kwa mpangilio uleule! Hiyo si bahati. Mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alizieleza kanuni za mabadiliko ya sauti za upande wa Kijerumani mwaka 1822, na Carl Meinhof, Mjerumani mtafiti wa lugha za Afrika, akatumia mbinu ya aina hiyo kwa lugha za Kibantu mwaka 1899. Sasa unaweza kuandika shina la kale, kwa kurahisisha, *\*bherǵ-*, linalohusishwa na kung'aa. Kinyota kinamaanisha umbo limekisiwa, halijakutwa kwenye maandishi.

4. Chuja maneno ya mkopo. *Kyparissos* la Kigiriki na *cupressus* la Kilatini, majina ya mti ambao Waingereza huuita *cypress*, yanafanana mno, lakini hayana shina la kale la pamoja. Yaweke kando.

5. Kagua maana. Wengi huiruka hatua hii. Kilatini *fagus* na Kijerumani *Buche* ni mti mmoja, ule ambao Waingereza huuita *beech*. Kigiriki *phēgos* kinafuata kanuni za sauti bila kasoro, ila ni aina ya mwaloni! Maelezo ya kawaida ni kwamba Wagiriki walifika kusini, ambako mti ule ni adimu, wakaupa jina lake mti mwingine wenye mbegu za kulika.

Kwa hiyo usikimbilie ramani. Wapo wasomi waliochora mstari kutoka Kaliningrad, kwenye Bahari ya Baltiki, hadi Odessa, kwenye Bahari Nyeusi, ukingo wa mashariki wa *Buche*, wakadai nchi ya asili ya lugha hizi ilikuwa magharibi yake. Mimi hoja hiyo siinunui: jina lililohama mara moja laweza kuwa lilihama na kabla. Kwenye daftari langu shina la *Buche* limeandikwa hivi: sauti, thabiti; mti, bado.