Kufunga Mfumo wa Naitrasi Oksaidi kwenye Injini ya Petroli
Kabla ya kununua mtungi wa naitrasi oksaidi, gesi inayoongeza nguvu ya injini, fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, kwani injini iliyochoshwa na vumbi la barabara za Tabora haitastahimili nguvu ya ziada. Gesi hii huvunjika ndani ya silinda kwenye joto la takriban nyuzi 300 na kuachia oksijeni, hivyo ni lazima petroli iongezwe kwa kiasi kinacholingana; ikipungua, pistoni huweza kuyeyuka, na hapo ndipo wengi hupoteza injini. Nashauri nyongeza ndogo ya nguvu kwanza, plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto upesi), cheche iliyocheleweshwa kidogo, na swichi inayoruhusu gesi pale tu pedali ya mafuta inapokanyagwa hadi mwisho. Mtungi ufungwe imara kwenye buti, wala usiachwe kwenye jua kali la Oktoba, kwani joto huongeza shinikizo upesi.