Jinsi ya kupiga picha ya fluoresensi ya ubongo ulioumia, mwanga usikudanganye

Wengi wakianza hii kazi wanadunga rangi, wanawasha kamera, wakiona panapong'aa wanasema jeraha lile pale. Tusiende hivyo jamani, panya ametoa uhai wake hapo, data iwe ya kweli.

Kwanza jua unatafuta nini. Ubongo ukipigwa, ule ukuta wa mishipa unaozuia vitu vya kwenye damu visiingie ubongoni unalegea na kuvuja, rangi uliyoweka kwenye damu inapita hapo, ukiimulika inarudisha mwanga wa urefu mwingine wa wimbi (ndo fluoresensi yenyewe) na kamera inaudaka. Yaani unachoona ni mvujo, sio seli zilizokufa.

Naongelea panya wa maabara, kibali cha maadili kipo na nusu kaputi imekolea. Mtu aliyeumia kichwa apelekwe CT skani haraka, fuvu lake ni nene na mwanga unatawanyika kabla haujafika ndani.

Rangi ziko nyingi ila mimi naanza na Evans bluu, inashikana na albumini, protini ya kwenye damu, kwa hiyo inafuata protini inapovujia, unaimulika kwenye nanomita kama 620 na inarudisha kama 680. Kipimo kinachotumika sana ni mchanganyiko wa 2%, mililita 4 kwa kila kilo ya mnyama. Indosiyanini ya kijani nayo nzuri, inamulikwa karibu na 800 na infraredi inapenya vizuri zaidi, lakini ini linaiondoa kwa dakika chache tu, so kamera iwe tayari kabla hujadunga.

Siku kadhaa kabla, badilisha chakula. Chakula chenye majani ya alfalfa kina klorofili nayo inang'aa wekundu uleule wa Evans bluu, utashangaa tumbo linawaka kuliko kichwa! Nyoa nywele za kichwani pia.

Halafu hapa ndo penyewe, piga picha KABLA ya kudunga rangi, muda wa ekspoja (kamera kupokea mwanga) uleule na filta (kichujio cha mwanga) ileile, na uwe na panya mwingine aliyefanyiwa upasuaji wote isipokuwa lile pigo. Bila picha hiyo na panya huyo huna cha kulinganisha, hata picha iwe nzuri vipi.

Ukishadunga, subiri rangi izunguke. Mwisho wa jaribio, akiwa bado kwenye usingizi mzito, pitisha salaini (maji ya chumvi) kwenye moyo mpaka maji yatoke meupe, manake rangi iliyobaki ndani ya mishipa inawaka vilevile na utaiita mvujo. Ndo utoe ubongo, uufunike na giza maana rangi inafifia ikimulikwa sana, upige picha tena, upunguze kwenye hesabu ule mwanga wa picha ya kabla ya kudunga, na ulinganishe upande uliopigwa na upande mzima wa ubongo huohuo.