Namna ya Kumtafuta Mdudu wa Upele kwa Hadubini

Ukurutu, mzio na alama za kuumwa na wadudu huweza kufanana na upele kiasi cha kumchanganya hata mtaalamu wa ngozi. Njia ya kuondoa shaka ni kumwona mdudu mwenyewe, Sarcoptes scabiei, au mayai yake, au kinyesi chake, chini ya hadubini. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2020, kimojawapo kati ya hivyo vitatu kinatosha kuthibitisha ugonjwa.

Ugumu uko katika idadi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kenneth Mellanby aliwachunguza wagonjwa wa upele nchini Uingereza na kukuta kwa wastani majike 11 hivi tu kwa kila mgonjwa, wengi wao wakiwa kwenye mikono na vifundo vyake. Mwili mzima unawasha na vipele vimetapakaa tumboni na mapajani, lakini vingi kati ya hivyo ni mwitikio wa kinga ya mwili na havina mdudu ndani. Anayekwangua kipele chochote kinachowasha humuumiza mgonjwa bure, ndiyo maana nasisitiza kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ifanywe kwa macho kabla wembe haujagusa ngozi.

Mketishe mgonjwa penye mwanga mzuri unaomulika kutoka ubavuni. Anza katikati ya vidole na upande wa ndani wa vifundo vya mikono, kisha tazama viwiko, makwapa, kuzunguka chuchu, kitovu, makalio na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga, usiache viganja, nyayo na kichwa. Unachotafuta ni handaki, yaani kistari cha kijivu kilichopindapinda, chenye urefu wa milimita chache, ambacho ncha yake moja ina nukta nyeusi. Hapo ndipo alipo jike, ambaye urefu wake haufiki nusu milimita. Kistari kisipoonekana vizuri, paka wino mahali penye shaka, kisha ufute kwa pamba yenye spiriti: wino uliopenya ndani ya handaki hubaki na kuichora njia yote.

Ukilipata handaki ambalo halijaharibiwa kwa kucha, vaa glavu, weka tone la mafuta ya madini juu yake na jingine kwenye wembe mpya wa upasuaji. Ivute ngozi kidogo, laza wembe, ukwangue kwa mkono mwepesi kuelekea kwenye nukta mpaka tabaka la juu litoke. Damu ikichuruzika, umekwenda ndani mno. Hamishia ukwangio wote kwenye slaidi, ufunike, uutazame kwa lenzi ya mara 4 na baadaye ya mara 10. Napendelea mafuta kuliko haidroksidi ya potasiamu inayotumika kutafutia fangasi, kwa sababu kemikali hiyo huweza kuyeyusha kinyesi na kukunyima ushahidi, ilhali ndani ya mafuta mdudu hubaki hai na miguu yake inayochezacheza humfichua upesi. Mayai yana umbo la duaradufu, na kinyesi ni vipunje vya kahawia vilivyokaa kwa mafungu.

Usipoona kitu, kwangua mahandaki mengine, lakini usimwambie mgonjwa kwamba hana upele. Ikiwa muwasho unazidi usiku, vipele viko mahali vinapopenda kukaa, na kuna mwingine anayejikuna katika nyumba hiyo, matibabu yasicheleweshwe. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiambukiza wengine, na kwa hiyo wote wanaoishi na mgonjwa watibiwe siku moja naye. Krimu ya permetrini ya asilimia 5 hupakwa mwilini kuanzia shingoni hadi nyayoni, huachwa kwa saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Ngozi yenye magamba mazito ni suala jingine. Huko wadudu huwa maelfu kwa maelfu, gamba moja dogo hutosha kwa slaidi, na muwasho unaweza kuwa hafifu au usiwepo kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo, ambaye mara nyingi kinga yake imedhoofika, atengwe na apelekwe hospitalini, kwani krimu peke yake haimtoshi.