Namna ya kukumbuka utoto wa mwanao kabla ya kwenda kwa daktari

Daktari akihisi mtoto ana usonji, yaani hali ya ukuaji inayogusa namna anavyowasiliana na kuhusiana na watu, maswali yake mengi huwa ya nyuma. Alikaa lini? Alitembea lini? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Mwanangu sasa yuko darasa la kwanza, na majibu nilianza kuyatafuta kwenye kadi ya kliniki. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na 18. Jiulize: siku ile alipochomwa, alikuwa anatambaa au anatembea? Nesi alipomwita jina, aligeuka?

Kisha fungua video za zamani kwenye simu, zina tarehe. Usimtazame mtoto tu, sikiliza na wanaomwita. Kwenye video ya sikukuu ya Idi, mdogo wangu anasikika akimwita mwanangu, "Baba, angalia huku! Baba!" Naye macho yako kwenye feni, hageuki kabisa.

Jambo la kukumbuka kwa makini zaidi ni jinsi alivyokuwa akiomba kitu. Watoto wengi wakifika miezi 18 hunyoosha kidole kuonyesha wanachotaka au kilichowafurahisha. Wangu alikuwa akinishika kiganja, ananivuta hadi kwenye ndoo ya maji, anauweka mkono wangu juu ya kikombe, bila kunitazama usoni.

Andika ulichokiona, si tafsiri yako. Ukiandika "mkaidi", daktari hapati kitu. Andika: "Akiitwa hageuki, lakini biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio." Hata hivyo, masikio lazima yapimwe.

Waulize pia dada aliyemlea na bibi yake. Mama mkwe aliniambia, "Hata baba yake alichelewa kusema." Usibishane naye, liandike hilo nalo, maana habari za ukoo daktari anazihitaji. Na andika mazuri: wangu alikuwa akiimba wimbo mzima kabla hajaweza kuomba maji.

Maneno yaliyopotea yaweke juu kabisa ya karatasi. Kama alikuwa akisema "taa" na "maziwa" halafu akanyamaza, kadiria ni mwezi gani. Na kama una mtoto mwingine mdogo ambaye maneno yanampotea sasa hivi, usisubiri umalize kuandika. Mpeleke wiki hii hii.